Nusu Aliyoibakiza Zuena

Watu wa Kibiti walikwenda kwa Zuena Mshamu kutafuta vitu viwili, mkeka na kicheko. Mkeka ulimchukua wiki tatu. Kicheko alikitoa papo hapo, bila kuinua macho kutoka kwenye ukili aliokuwa akiusuka. Ukipita barabarani asubuhi ukasikia wanawake wakiangua vicheko upande wa nyuma wa soko, ulijua Zuena amekwisha kunywa chai.

Alizaliwa milimani, Umatumbini. Mumewe ndiye aliyemleta Kibiti, na alipofariki Zuena hakurudi kwao. Mwanawe wa pekee, Twalibu, anafanya kazi Mbagala. Nilipoanza kumfahamu vizuri alikuwa amefika miaka hamsini na minane, mwembamba, mwenye vidole vilivyopinda kwa kusuka, na uso ambao ungeweza kuwa wa mtu yeyote. Huo uso ndio uliokuwa hatari. Alikuwa akikutazama mara moja tu unavyovua viatu mlangoni, na jioni yake ungejikuta mwenyewe unatembea uwanjani ndani ya mwili wa Zuena, kofia yako, kikohozi chako, na ile tabia yako ya kujifuta pua kabla ya kusema uongo.

Sisi Wandengereko na Wamatumbi ni watani, na mgeni akitusikia huenda akadhani tunakaribia kupigana.

"Nyie Wandengereko mkizaliwa mkunga anaanza kwa kuwaparua magamba," angesema Zuena.

"Na nyie, Mmatumbi akishuka mlimani anauliza mto umejengwa na nani," tungemjibu.

Hayo ni ya kila siku. Kwenye msiba utani una kazi nzito zaidi. Mtani ndiye anayechota maji, anayechochea moto, anayekuna nazi wakati wafiwa wamekaa chini. Na mtani ndiye mwenye ruhusa ya kufanya lile ambalo sisi hatuwezi kulifanya: kuvaa nguo za marehemu, kutembea kama yeye, kusema kama yeye, mpaka waliokuwa wanalia washike mbavu. Kumkasirikia mtani ni aibu. Hakuna mjumbe wala imamu atakayepokea mashtaka yako. Utaambiwa, ule ni utani tu, na utapaswa kucheka.

Zuena alikuwa na rafiki mmoja, Mwanaidi, Mndengereko, aliyekaa nyumba ya tatu kutoka kwake. Kwa miaka ishirini walikaa kibaraza kimoja, mmoja akichana majani ya miyaa, mwingine akishona kili ziwe mkeka. Waliitana shoga. Mume wa Mwanaidi aliitwa Haruni, mkulima wa mpunga bondeni. Mwaka wa yale mafuriko makubwa shamba lake lilikwenda na maji lote, na miezi michache baadaye akaanguka kwa kiharusi. Alilala miezi saba. Maneno yalimtoka kinywani moja moja mpaka yakabaki mawili tu, jina la mkewe, na maji.

Mwanaidi alimhudumia peke yake. Binti yao Sabra ameolewa Ikwiriri na wakati ule alikuwa na mtoto mchanga, alikuja alipoweza. Siku tisa za mwisho Haruni hakulala, na mkewe pia hakulala. Alimgeuza kila saa, akampaka mafuta mgongoni, akamnywesha kwa kijiko. Alifariki karibu na alfajiri.

Asubuhi hiyo, nyuma ya nyumba, Mwanaidi akisuuza beseni alilokuwa akimwogeshea mumewe, alimwambia Zuena maneno ambayo hakuwa amemwambia mtu mwingine.

"Aliniita mara tatu, shoga. Maji. Nilimsikia. Nikajifanya nimelala."

Zuena alimkumbatia. Beseni lilikuwa katikati yao, likawalowesha wote wawili.

Saa nne uwanja ulikuwa umejaa. Mimi nilikuwapo, nimekaa na wanawake upande wa jikoni. Zuena alitokea mlangoni amevaa kanzu ya Haruni na kofia yake iliyotoboka, na hata kabla hajasema neno watu walikwisha kuanza kucheka, kwa jinsi alivyosimama. Alianza na yale tuliyoyajua sote. Haruni juu ya dungu lake shambani, akiwafukuza ndege kwa kuwaita majina ya wadeni wake. Haruni akimfundisha jirani namna ya kupanda baiskeli ambayo yeye mwenyewe hakuijua. Watu walicheka, na wengine walicheka huku wanalia, ndiyo maana ya kazi ile.

Kisha wakataka zaidi. "Ongeza, mtani! Ongeza!"

Zuena akalala juu ya mkeka. Akapinda mdomo upande mmoja. "Mwanaidi," akaita, kwa sauti ile nzito ya mgonjwa. "Maji." Akasubiri. "Mwanaidi. Maji." Mara akaruka upande wa pili, akajifunika khanga gubigubi, akakoroma. Akarudi kuwa Haruni. Akaita mara ya tatu. Akawa tena Mwanaidi, akafungua jicho moja chini ya khanga, akalifumba upesi, akakoroma kwa nguvu zaidi.

Watu walianguka. Nami nilicheka mpaka mtandio ukanivuka kichwani. Naandika hivi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Mwanaidi naye alicheka. Nilimwona akifungua mdomo na kucheka pamoja nasi, kwa kuwa mfiwa ndivyo anavyotakiwa. Sabra peke yake ndiye ambaye hakumtazama Zuena. Alikuwa anamtazama mama yake. Na mtoto humjua mama yake anapocheka kweli, na anapocheka kwa kuficha.

Muda mrefu baadaye nilimuuliza Zuena kama alikuwa amekusudia.

"Nilipolala pale chini nilikuwa sijaamua," aliniambia. "Lakini kicheko cha kwanza kinanivuta, Hafsa. Watu wakitaka cha pili, ulimi wangu unashika kilicho karibu. Na kilichokuwa karibu siku ile kilikuwa kile." Akavuta ukili. "Usiandike kwamba sikujua. Nilijua. Nilijua na nikasema."

Hakuna ugomvi uliotokea. Kungekuwa na ugomvi, pengine wazee wangewakalisha na mambo yakaisha. Siku zote za eda Mwanaidi alimpokea Zuena kama alivyowapokea wanawake wengine, akamwekea kigoda, akampa chai. Alimwita Bi Zuena. Neno shoga lilikuwa limeondoka na hakuna aliyelitaja. Eda ilipokwisha, Mwanaidi akahamishia kazi yake uani, nyuma ya ua wa makuti, na kibaraza kikabaki na mtu mmoja.

Sabra aliendelea kuja kutoka Ikwiriri kila baada ya wiki mbili. Alileta unga, mafuta, sukari, akaviweka mlangoni, akamsalimia mama yake kwa heshima zote, akapanda gari la kurudi. Zamani alikuwa akilala siku tatu, nne. Jirani mmoja akamuuliza mbona halali siku hizi, naye akasema mtoto anasumbua. Mama yake alisikia.

Zuena aliona yote hayo kutoka nyumba ya tatu. Alikuwa amemvunjia rafiki yake jambo ambalo hakujua jina lake, na mtu pekee ambaye angeweza kumkaripia alikatazwa na desturi kufanya hivyo. Alingoja akaripiwe, na kila siku aliyokosa kukaripiwa aliona haya zaidi. Mwishowe akaamua kwenda kuomba radhi. Alikanda unga wa mchele, akachoma vitumbua, akavitia kikapuni, akavifunika kwa sahani, akakipeleka hadi mlango wa Mwanaidi. Njiani alikuwa akirudia maneno aliyokusudia kusema. Shoga, nimekukosea. Shoga, nimekukosea. Mlango ukafunguliwa. Akamwona Mwanaidi amekonda, amejifunga kaniki, anamtazama bila hasira yoyote. Haya zikampanda mpaka masikioni. Na Zuena, ambaye hakuwahi maishani mwake kusimama mbele ya mtu akiwa na haya bila kutafuta kicheko, akasikia sauti yake ikisema:

"Hodi, mjane! Nimekuja kuomba radhi. Kama umelala, nitaita mara tatu."

Mwanaidi alipokea kikapu. "Nimekusikia, Bi Zuena," alisema. Akafunga mlango polepole.

Siku ya pili kikapu kilirudishwa na mtoto wa jirani. Ndani kulikuwa na sahani imeoshwa.

Kazi yangu ni maendeleo ya jamii. Mwezi wa Novemba mwaka ule nilikuwa na kikundi cha wanawake, na siku hiyo somo lilikuwa kubadili tabia, jinsi nilivyofundishwa chuoni. Nilitandika mkeka, nikaweka bakuli la korosho zisizobanguliwa. Kila mmoja ataje jambo moja analotaka kulibadili katika maisha yake. Kisha kwa kila kitakachomsaidia aweke korosho kulia, na kwa kila kitakachomzuia aweke kushoto, tuone upande gani mzito. Ni zoezi zuri. Wanawake waliongea mambo ya kweli. Mmoja alitaka kuacha kuwapiga watoto. Mwingine alitaka kuamka mapema.

Ikafika zamu ya Zuena.

"Mimi nataka kuacha utani," alisema.

Chumba kizima kikapasuka. Mwanamke mmoja alilala juu ya bega la mwenzake. "Jamani, Bi Zuena atatuua!"

Nami nilikuwa nacheka. Nilikuwa nimeshika daftari na kalamu, mwenye cheti ukutani, na nacheka.

Zuena akachukua korosho, akaiweka kushoto. "Hii ya kwanza ni wewe, Hafsa."

"Mimi? Nimefanya nini?"

"Unacheka."

Kicheko kikazidi. Akaweka ya pili kushoto, "Huyu Mwanamina wa magimbi hapa," ya tatu, ya nne, akiwataja kwa majina, na kila aliyetajwa alipiga makofi kama mtu aliyepewa zawadi. Aliweka korosho kwa ajili ya mwanawe, ambaye alikuwa amempigia simu akamwambia, mama, ukinyamaza nitajuaje kama ni wewe? Aliweka moja kwa ajili ya wateja. Moja kwa ajili ya marehemu wote aliowavalia nguo zao. Nilipohesabu, kushoto zilikuwa kumi na moja. Kulia palikuwa patupu.

"Hakuna cha kukusaidia hata kimoja?" nikauliza. Nadhani hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba hatanii.

Akachukua korosho moja, akaishika muda mrefu. "Aibu," akasema, akaiweka kulia. Halafu akaitazama, akaiokota, akaihamishia kushoto. "Lakini nikiona haya ndipo ninapotania zaidi." Akairudisha kulia. Akaiondoa tena. Mwisho akaiacha katikati ya mkeka, na wanawake wakacheka kwa mara ya mwisho, na mimi nikaita jina la anayefuata.

Sikumfuata baada ya somo. Nilikuwa na ripoti ya kuandika. Katika ripoti niliandika kwamba washiriki walifurahia.

Yeye alijaribu peke yake. Asubuhi alipokaa kibarazani alishika uzi mmoja wa mwaa katikati ya meno, ili ulimi uwe na kazi. Mtu akimrushia neno, alitikisa kichwa tu. Siku ya kwanza watu walidhani jino linamuuma. Siku ya tatu walileta dawa. Baada ya wiki mbili Huseni, muuza nyama wa jirani, akasimama mbele yake na kisu mkononi.

"Bi Zuena, nimekukosea?"

Akatikisa kichwa.

"Basi nitukane. Wiki mbili sasa sijatukanwa, hata nyama haikatiki vizuri."

Zuena akautoa uzi mdomoni. Aliniambia kwamba alikuwa ameazimia kumwambia tu kwamba hajambo. Badala yake akamwambia Huseni kwamba nyama yake haikatiki kwa sababu yule ng'ombe alikuwa mtu mzima, alipaswa kuamkiwa shikamoo kabla ya kuchinjwa. Soko zima likashangilia. Watu walikuja kumshika mkono kama aliyetoka safari. Aliona raha, alisema, raha ya kweli, kama mtu aliyerudishiwa chakula chake baada ya ugonjwa. Kisha akageuka akaona makuti ya ua wa Mwanaidi, na nyuma yake kivuli cha mtu anayesuka peke yake, akainama.

Nimefikiri sana juu ya hilo tangu wakati huo. Chuoni tulifundishwa kwamba tabia ni ya mtu. Mtu anaipima, anaiamua, anaiacha. Hatukufundishwa kwamba tabia ya mtu mmoja inaweza kuwa imegawanywa mtaa mzima, kila nyumba ina kipande chake inachokipenda, na mwenyewe akitaka kuiacha inabidi awaombe wote warudishe vipande vyao. Tulimpenda Zuena alivyokuwa. Mapenzi yetu ndiyo yaliyomfunga.

Mwezi wa Machi akafariki Abdulazizi, kaka mkubwa wa Mwanaidi, huko Chumbi. Tulikwenda gari moja kutoka Kibiti, wanawake tisa, na Zuena akiwa kiti cha nyuma. Hakuna aliyemwalika wala aliyemkataza. Mtani haalikwi.

Alipofika hakukaa. Alifunga khanga kiunoni, akachukua ndoo, akaenda kisimani. Alichota mara sita. Akaosha masufuria, akapasua kuni, akachambua mchele. Alifanya kazi zote za mtani isipokuwa ile tuliyokuwa tunaingoja. Maiti ikaoshwa, ikasaliwa, wanaume wakaenda kuzika, wakarudi. Zuena bado alikuwa anachochea moto, uzi ndani ya meno.

Shangazi wa marehemu, Mwanamkuu, bibi wa zaidi ya miaka themanini, alikuwa amekaa kwenye mkeka wa wafiwa. Alipiga fimbo chini.

"Wewe Mmatumbi! Njoo hapa."

Zuena akaja, akapiga magoti.

"Mwanangu Abdulazizi kakukosea nini?"

"Hajanikosea kitu, shangazi."

"Hakukudhulumu? Hakukunyima mpunga?"

"Hapana, shangazi."

"Mbona basi unamnyima utani? Umemtania Haruni, umemtania yule mlevi wa Ngorongo ambaye hata jina lake hakuna anayelijua. Mwanangu kazikwa kama paka. Watu watasema hakuwa na watani. Watasema hakuwa mtu."

Uwanja mzima ulikuwa umesikia. Zuena alibaki ameinamisha kichwa. Akisema, atakuwa amevunja alichoazimia. Akinyamaza, atakuwa amemtukana maiti na kumtukana Mwanaidi kwa mara ya pili, mbele ya ukoo wake wote. Aliinuka, akaingia ndani ya nyumba. Nilimfuata mpaka mlangoni, kwa kuwa nilimwogopea.

Mwanaidi alikuwa amekaa sakafuni, miguu imenyooshwa, ameegemea ukuta. Zuena akasimama mbele yake. Akautoa uzi mdomoni.

"Nimekuja kukuomba ruhusa," alisema.

Mwanaidi akakunja miguu yake.

"Ile siku ya Haruni nilisema nusu. Sikusema zile siku tisa. Sikusema miezi saba. Nataka nitoke pale uwanjani, badala ya utani, niiseme hiyo nusu nyingine. Waisikie wote walioisikia ile ya kwanza. Nikimaliza wanifukuze."

Sauti yake haikuwa ya mtu yeyote. Ndiyo mara ya kwanza nilipoisikia sauti ya Zuena mwenyewe, na ilikuwa ndogo, yenye mikwaruzo.

"Hapana," alisema Mwanaidi.

"Shoga..."

"Ukinisema vibaya ni mimi ninayesemwa. Ukinisema vizuri ni mimi. Nimechoka kusemwa, Zuena. Ulipotaka kusema hukuniuliza. Leo umeniuliza, basi nakujibu. Hapana."

Nilirudi nyuma hatua moja. Miezi miwili kabla, Zuena alikuwa amenieleza nia yake hiyo, nami ndiye niliyemwambia ni wazo zuri, kosa la hadharani lisafishwe hadharani. Nililisema kama mtu anayesoma ubaoni.

"Haikuwa utani," alisema Zuena. "Nilijua, nikasema."

"Najua ulijua. Nilikuwa nakutazama." Mwanaidi akavuta khanga yake. "Nilicheka. Unafikiri mimi najisamehe kwa kucheka? Mume wangu hajatiwa kaburini, nami nacheka kwamba sikumpa maji."

Nje mtu alikuwa akitwanga.

"Kaka yangu mtanie," alisema Mwanaidi hatimaye. "Ana haki yake. Lakini kwanza nenda nyuma. Sabra anapepeta mchele. Ile nusu nenda kamwambie yeye. Yeye tu. Na usimchekeshe."

Yaliyosemwa nyuma ya nyumba nimeambiwa na Sabra, na ni kwa ruhusa yake ninayaandika. Mama yake, nilipomwomba, alisema niandike mradi nisimpambe.

Sabra alimwona akija, akaendelea kupepeta.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Nimetumwa na mama yako."

"Kuna nini tena? Umesikia jingine?"

Zuena alisimama mikono mitupu. Kwa mujibu wa Sabra alifungua mdomo mara tatu na kuufunga, kama mtu anayemeza kitu kikubwa, na Sabra akajua kwamba anameza utani. Kisha akaanza. Alimweleza tangu siku ya kwanza ya kiharusi. Jinsi Mwanaidi alivyojifunza kumgeuza mume mzito kwa kumfunga shuka kiunoni na kuvuta. Vidonda vya mgongoni na mafuta. Jinsi alivyouza cherehani yake. Jinsi zile siku tisa alivyokuwa akisinzia amesimama, akala akiwa amesimama, mpaka siku ya nane akaanguka mlangoni na Zuena mwenyewe akamwinua. Jinsi alivyoamka usiku ule ule, baada ya wito wa tatu, dakika ngapi baadaye hakuna ajuaye, akaenda na kijiko, akamkuta amekwisha; hilo pia Mwanaidi alikuwa amemwambia asubuhi ile ya beseni.

"Aliamka?" akauliza Sabra.

"Aliamka."

"Hilo hukulisema."

"Sikulisema. Lisingechekesha."

Sabra alisimamisha ungo. Akasema neno ambalo Zuena alilirudia kwangu mara nyingi baadaye, kila mara kwa sauti ya chini. Alisema, "Unajua, zile siku tisa aliyekuwa amelala ni mimi." Akainamia ungo wake tena, akapepeta, na pumba zikamwangukia Zuena miguuni naye hakusogea.

Uwanjani walikuwa wanaita. "Mtani yuko wapi? Mtani kakimbia!"

Akaenda. Macho yake yalikuwa mekundu na hakuyafuta. Alivaa koti la Abdulazizi, akamwigiza jinsi alivyokuwa akiazima jembe na kulisifia kwa mwenyewe mpaka mwenyewe anasahau kulidai. Jambo hilo Chumbi nzima ililijua. Akamwigiza anavyolala msikitini wakati wa hotuba na kuamka akisema amina mahali pasipo na amina. Watu walicheka. Wakataka zaidi. "Ongeza, mtani!"

Zuena alisimama katikati ya uwanja, koti limemzidi mabega. Niliona taya lake likicheza. Kulikuwa na mengine, bila shaka. Mtu kama Zuena alikuwa na mengine ya kila mmoja wetu aliyekaa pale. Akavua koti, akalikunja vizuri, akaliweka mapajani mwa shangazi Mwanamkuu.

"Ndiyo hayo, shangazi," akasema.

Wanawake walitazamana. Nilisikia mmoja nyuma yangu akinong'ona, "Kazeeka huyu. Kaisha." Mwingine akasema yule mtani wa Msanga anamshinda siku hizi. Zuena alisikia, kwa maana alikuwa hatua mbili kutoka kwao. Akachukua ndoo.

Siku ya tatu, baada ya hitima, sisi wengine tulirudi Kibiti. Sabra alimwambia dereva asimngoje. Alikuwa ametandika mkeka chumbani, karibu na wa mama yake, na mtoto alikuwa amelala katikati.

Sasa ni mwaka umepita. Zuena haitwi misibani kama zamani. Huja kuchota maji tu, na akiambiwa atanie hutania yale ambayo kila mtu anayajua. Mikeka yake inauzika polepole. Mwanaidi hajarudi kibarazani, na sidhani kama atarudi. Wakikutana njiani wanasalimiana, na Mwanaidi humwita Zuena, bila Bi, na bila shoga. Sabra akija kutoka Ikwiriri hulala kwa mama yake siku nne, na siku ya kuondoka hupita nyumba ya tatu kuaga.

Wiki iliyopita nilikuwa nimekaa na Zuena kibarazani, namchania miyaa vibaya, naye ananivumilia. Mwanamina wa magimbi akapita na kapu lake kichwani.

"Bi Zuena, siku hizi huchekeshi kabisa," akasema. "Umepatwa na nini?"

Mkono wa Zuena ukasimama kwenye ukili. Mwanamina alikuwa na kapu lililoinamia upande mmoja, na shingo yake ndefu imeinama upande wa pili kulisawazisha, na mimi mwenyewe, ambaye sina kipaji hicho, niliona pale pana utani. Nilimtazama Zuena usoni. Nilikuwa natamani aseme. Namwomba Mungu anisamehe, nilikuwa natamani.

"Ndiyo, dada," alisema Zuena. "Sichekeshi."

Mwanamina alingoja kidogo, kama mtu anayengoja chenji, halafu akaendelea na njia yake.